Mama Yako Hakurogwa

Mwanangu Adela,

Mama yako hakurogwa. Nimelijua hilo kwa miaka sita, tangu kabla hajazikwa, na nimeishi nalo ndani ya nyumba hii, nikila ugali ulioupika wewe, nikikusikia ukimlaani mwanamke ambaye hakumtendea mama yako ila wema. Kilichomuua Yustina, pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni mwake, ni ugonjwa uliotoka kwa mbuzi. Mbuzi hao niliwaleta mimi kijijini.

Nimeyaandika hayo juu kabisa kwa makusudi. Najijua. Ningeanza na salamu ningejaza karatasi mbili kwa habari za mvua na maharage, kisha ningejisingizia kwamba mkono umechoka.

Sasa ni saa tisa alasiri. Umekwenda kuwaaga shangazi zako, na basi la Kibondo ni kesho asubuhi. Mambo ya safari sitayaandika. Shangazi Odilia amekwisha kukuambia namna ya kufunga sanduku, nani wa kukaa naye garini na nani wa kumkwepa, na sina la kuongeza. Mimi nina hili moja tu, na limenichukua miaka sita kulifikisha kwenye karatasi.

Unakumbuka Jumapili iliyopita, mwalimu wako wa zamani alipokuja kukupongeza? Alikuuliza, "Adela, kwa nini uuguzi? Wenzako wote wanataka ualimu." Ukamjibu bila kusita, "Nataka kuwa mkunga, Mwalimu. Nataka wanawake wa huku wasishikwe tena na mikono ya wachawi kama alivyoshikwa mama yangu." Mwalimu akanigeukia. "Mzee, hongera. Umelea." Nami nikasema asante. Nilikuwa nimekaa palepale, blanketi magotini, nikasema asante.

Usiende wodini na maneno yale. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Sababu nyingine ni kwamba daktari wa misheni, alipousikiliza moyo wangu mwezi uliopita, aliniambia kwamba mlango mmoja wa moyo haufungi tena sawasawa, na kwamba homa zangu hizi zinazokuja na kuondoka zimeanzia hapo. Nilimwuliza kama nitaiona masika. Akasema, "Mzee, wewe umesoma, mbona unaniuliza?" Tukacheka wote wawili. Kwa hiyo siwezi kungoja urudi likizo.

Wewe ulinijua nikiwa Bwana Mifugo, mtu wa kofia ya kaki na baiskeli yenye sanduku la dawa nyuma. Hukujua jinsi nilivyoipenda kofia ile. Nilisoma chuo wakati ambapo katika kata nzima hakuna mwingine aliyekuwa amesoma mambo ya mifugo. Nilikuwa na vitabu vya Kiingereza kwenye rafu, na watu waliniletea si ng'ombe tu, waliniletea hata watoto wenye vipele. Nikisema "ni minyoo," ilikuwa minyoo. Nimejaribu mara nyingi kutafuta mahali uovu wangu ulipoanzia, na kila mara narudi hapo: nilizoea kuwa mtu asiyekosea, na mtu wa namna hiyo siku akikosea hajui afanye nini na kosa lake.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, kwa hiyo unakumbuka serikali ilivyotuhamishia kijiji hiki kipya. Kule mlimani kila nyumba ilikuwa na migomba yake na mbuzi wake wawili au watatu, wanaolala pembeni. Tulipopangwa kwenye mistari kandokando ya barabara, mbuzi wa wote, wale wachache waliosalia baada ya kuhama, wakawekwa zizi moja, zizi la mradi, hatua chache tu kutoka nyumba za mstari wetu. Nilikipima kiwanja cha zizi hilo mwenyewe kwa kamba. Niliona ni karibu mno na nyumba. Nilikaa kimya, kwa sababu kamba ilikuwa imekwisha kunyooshwa na watu wanatazama.

Kisha Mzee Gwasa, mwenyekiti wetu, akaniita.

"Bwana Mifugo, wageni wa wilaya wanakuja kuutazama mradi. Niwaonyeshe nini? Mbuzi kumi na mmoja na beberu mwenye chongo?"

"Nitatafuta wengine, Mwenyekiti."

"Watafute upesi. Na wawe na matumbo. Wageni hupenda kuona matumbo."

Nikaenda Manyovu. Pale mpakani mbuzi walikuwa wakivushwa kila wiki, wengine kutoka makundi ambayo hakuna aliyejua yamepitia wapi. Nikachagua majike wenye mimba, wanene, manyoya yanang'aa. Sheria ya kazi yangu ilikuwa wazi: mnyama wa mpakani hutengwa kwanza wiki tatu, peke yake, huku mimi nikimtazama na kumpima joto, ndipo nitie saini kibali cha kumwingiza. Hawa walitengwa siku mbili. Kwenye kibali niliandika wiki tatu. Sikupewa kitu na mtu yeyote ili niandike hivyo. Niliandika kwa sababu wageni walikuwa wanakuja Jumamosi.

Siku walipoingia kijijini watu walitoka nje kana kwamba kuna harusi. "Hawa ni mbuzi au ndama?" mtu mmoja aliuliza. Mama yako alikuwa amesimama na wenzake, mimba yake ya miezi minne ndiyo kwanza inaonekana. Akapaza sauti ili wote wasikie, "Baba Adela, na wewe! Umetuletea wake wenza, tena wote wana matumbo kunishinda mimi!" Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilitazama chini kwa aibu ya furaha. Sijawahi kupendwa na kijiji kama siku ile.

Sasa nikuambie juu ya Spesiosa, maana wewe unalijua jina lake tu na mambo mabaya yaliyowekwa juu yake. Alikuwa amevuka mpaka mwaka uliotangulia, pamoja na wale waliokimbia Burundi. Mume wake alibaki huko, na hakuna habari zake zilizopatikana. Kirundi chake na Kiha chetu vinasikilizana, kwa hiyo hakuna aliyemwita mgeni wa lugha; alikuwa mgeni wa ukoo tu, hana ndugu wa kumsemea. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka zizini. Alijua kuzalisha, wanawake na mbuzi pia, na hakuna mwanamke wa mstari wetu ambaye hakuwahi kumwita. Mama yako alimpenda. Walikuwa wakichambua maharage pamoja, na mama yako alimwiga lafudhi yake mbele ya uso wake, na Spesiosa akamrushia punje.

Mwezi wa saba alinijia ofisini. Hakuingia, alisimama mlangoni.

"Amahoro, Bwana Mifugo."

"Amahoro, mama. Kuna nini?"

"Watatu wametupa mimba wiki hii. Vitoto vimekwisha kuota manyoya, lakini vimetoka vimekufa. Na kondo la nyuma limekuwa nene kama ngozi. Sikupendezwa nalo."

"Ni uchovu wa safari."

"Safari ilikuwa mwezi uliopita."

"Basi ni baridi."

Akanitazama. "Kwetu tukiona hivi tunachimba shimo refu, tunafukia vyote, pamoja na nyasi walizolalia. Na mwanamke mwenye mimba hapiti karibu na zizi, hata kama mbuzi ni wake mwenyewe."

"Mama Spesiosa, hizo ni mila."

"Ndiyo, ni mila," akasema. "Lakini hii haitaki kuku wala pombe. Inataka shimo tu."

Nilicheka. Hata baada ya miaka yote hii bado naona kwamba lilikuwa jibu zuri. Kisha nikamwambia arudi nyumbani, nitashughulikia kitaalamu. Na kweli, sitaki ufikiri sikufanya lolote: nilichukua damu ya mbuzi sita, nikaifunga vizuri, nikaituma maabara kwa gari la wilaya. Lakini shimo sikuchimba. Ningechimba shimo kwa sababu mwanamke asiyejua kusoma ameniambia? Vitu vile vilibaki zizini, vikakanyagwa, vikakauka pamoja na nyasi na samadi katika jua la kiangazi.

Jibu la maabara lilikuja mwezi wa tisa, siku ya Jumanne. Lilikuwa karatasi moja na nusu, kwa Kiingereza, limepigwa taipu. Jina la ugonjwa lilikuwa ni herufi moja, Q, ambayo katika Kiswahili hatuna. Nilifungua kitabu changu nikaona kwamba waliougundua waliuita hivyo kwa kuwa hawakujua ni kitu gani, wakaweka herufi ya kuulizia. Lakini barua yenyewe haikuwa inauliza. Ilisema vijidudu vyake hujaa kwenye maji ya uzazi na kondo la nyuma la mnyama mgonjwa, hukauka vikachanganyika na nyasi na samadi, na hukaa hai kwenye vumbi muda mrefu. Mtu hahitaji kuumwa na mdudu wala kula nyama mbichi. Anavuta pumzi tu, basi. Wengine hawaumwi kabisa, wengine hushikwa na homa, kichwa na kikohozi, na wachache moyo wao huharibika polepole baadaye. Iliagiza mabaki yote ya uzazi yafukiwe au yachomwe, maziwa yachemshwe, na wanawake wajawazito wasikaribie zizi.

Yalikuwa maneno ya Spesiosa, Adela, isipokuwa haya yalikuwa na mhuri.

Chini kabisa kulikuwa na fomu ya kujaza: mbuzi walitoka wapi, na kabla ya kuingizwa kijijini walitengwa siku ngapi. Nilisoma swali hilo, nikaikunja barua, nikaitia mfuko wa ndani wa koti. Nilijiambia nitafute kwanza maneno ya kuweka kwenye nafasi ile. Siku mbili tu, nilisema.

Alhamisi ilikuwa siku ya kusomba zizi. Unaijua kazi hiyo, umeifanya: kabla ya mvua za kwanza wanawake huchota samadi na nyasi kuukuu, hujaza vikapu, hubeba kichwani mpaka shambani, wakiimba, na vumbi linawafunika kama moshi. Ni kazi ya wanawake, na anayekosekana husemwa mwaka mzima. Asubuhi hiyo mama yako alijifunga kanga kuukuu kiunoni, chini ya tumbo, akachukua kikapu.

"Yustina, usiende leo."

"Kwa nini?"

"Umechoka."

"Nani amekuambia nimechoka? Mke wa Bwana Mifugo akikaa nyumbani, wenzake watasema nini? Watasema mbuzi ni wa mume wake, samadi ni ya kwetu."

Barua ilikuwa mfukoni. Koti lilikuwa mwilini. Nilielewa kwamba nikimzuia yeye kwa sababu ya kweli lazima niwazuie wote, na nikiwazuia wote lazima nieleze, na nikieleza kuna ile nafasi kwenye fomu. Nilisimama hapo, nikiwa msomi wa kijiji kizima, nikasema:

"Basi usibebe kikapu kikubwa."

Akacheka. "Kumbe una huruma!" Akanipiga begani kidogo, akatoka.

Alirudi saa saba, vumbi limemkaa kwenye kope. Alikohoa, akacheka, akaniomba nimkung'utie kanga. Nikaikung'uta. Wiki ya tatu alishikwa na homa, nami nikapata yangu siku chache baadaye, nyepesi tu, ikapita, au nilidhani imepita. Ya kwake haikupita. Kichwa kilimuuma hadi hakutaka mlango ufunguliwe. Dresa wa zahanati alisema malaria, akampa klorokwini, na dresa hakukosea kwa alichokuwa anakijua. Nilikwenda kwake mara mbili na barua mfukoni ili nimwonyeshe. Mara zote mbili nilifika mlangoni nikaomba klorokwini zaidi.

Wanawake wawili wa mstari wetu walikuwa wamekwisha kupoteza mimba. Wa tatu akawa mama yako. Mtoto alikuwa wa kiume, wa miezi minane kasoro, hakulia. Spesiosa ndiye aliyemshika. Ulikuwa jikoni ukichemsha maji, hukuona. Alimfunga kwa kitenge chake mwenyewe, akamweka kando, akarudi kuhangaika na damu iliyokataa kusimama. Alipoona hawezi, alinifokea, yeye ambaye hakuwahi kunipazia sauti: "Bwana Mifugo, usikae hapo! Machela! Ita wanaume!" Tukambeba kuelekea Kasulu. Tulipofika darajani Spesiosa, aliyekuwa akitembea kando na mkono wake juu ya tumbo la mama yako, alisema, "Wekeni chini. Wekeni chini taratibu." Tukaweka chini.

Hakuna aliyepima damu ya mama yako. Siwezi kuapa mbele ya daktari kwamba ugonjwa ule ndio uliofanya haya yote, na wewe ambaye utasoma zaidi yangu utanisahihisha kama nimekosea. Lakini naamini hivyo, na nimekuwa na miaka sita ya kutafuta sababu ya kuamini vingine. Sikuipata.

Wiki moja baadaye mkutano wa kijiji ulikaa ukaamua kwamba Spesiosa aondoke kabla jua halijazama. Mkutano wenyewe nitaufikia. Kwanza nataka kusema juu ya kuondoka kwake, kwa sababu hapo na wewe upo.

Alitoka na mkeka, jembe na sufuria moja. Watoto walimfuata wakimzomea. Wewe uliokota bonge la udongo mkavu wa barabarani ukamrushia, likampata sikioni, damu ikatoka. Mtu mmoja akapiga kelele za kukushangilia, mwingine akataka kukushika. Spesiosa aligeuka. Akasema, "Mwacheni. Huyo amefiwa." Akaendelea kutembea. Nadhani hukusikia, au ulisikia ukasahau. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwako. Nilikuona ukiliokota lile bonge, nilikuona ukilipima mkononi, na nilikuwa na muda wa kukuita jina.

Kwa hiyo ukitaka kumkasirikia mtoto yule aliyerusha, usimkasirikie. Alifanya alichofanya kwa kuwa aliambiwa uwongo, na baba yake alikuwa na ukweli mfukoni.

Mbuzi? Mbuzi niliwaondoa kimyakimya. Nilimwambia Mzee Gwasa ni ukoo dhaifu, hautufai, tukawachinja na kuwafukia, na zizi nikalihamisha mbali, ng'ambo ya kijito. Shimo nililichimba hapo, refu, kama alivyoniambia. Msimu uliofuata hakuna mwanamke aliyepoteza mimba, na watu walisema, "Mnaona? Tangu yule aondoke." Nilisikia neno hilo kisimani, kanisani, kwenye pombe. Kila shimo nililochimba lilimthibitisha yeye kuwa mchawi. Hilo ndilo sikulitarajia, kwamba hata kurekebisha kwangu kungemwangukia yeye.

Yuko hai. Anaishi Kasanda, upande huo huo wa Kibondo unaokwenda, pamoja na kaka yake. Nilijua kutoka kwa kondakta wa basi, na mwaka jana, nilipokuaga kwamba nakwenda kutafuta dawa, nilikwenda kwake. Nilimkuta uani akipepeta mtama. Amezeeka. Alinitambua mara moja, akasimama, akaniletea kigoda, akanipa maji kwenye kikombe kwa mikono miwili, kana kwamba mimi ni mkwe.

"Adela hajambo?"

"Hajambo. Anamaliza shule."

"Imana ishukuriwe. Alikuwa na akili." Akapepeta kidogo. Kisha akauliza, "Na wale mbuzi, walipona?"

Adela, nilikuwa nimesafiri siku nzima na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimeyapanga kama somo. Nikamwambia, "Tuliwachinja wote." Akasema, "Mlifanya vizuri," akaendelea na mtama. Nikamaliza maji. Nikarudisha kikombe. Nikaaga. Alinisindikiza mpaka barabarani, nami nikapanda gari nikiwa na kila neno nililokwenda nalo.

Sikuagizi uende Kasanda. Sina haki ya kukutuma mahali nilipokwenda mwenyewe nikashindwa. Lakini utakuwa karibu, na huenda siku moja akaja kliniki akimleta mwanamke wa jirani, ukaliona sikio lile. Sitaki siku hiyo ikukute na ule uwongo niliokulea nao. Ndani ya bahasha hii kuna ile barua ya maabara, imechakaa kwenye mikunjo lakini inasomeka. Kuna na karatasi nyingine niliyoiandika kwa Kiswahili na kutia saini mbele ya katekista, inayoeleza habari za kibali, fomu na mbuzi. Nakala yake itasomwa kijijini nitakapokuwa nimekwisha kuzikwa. Najua unaona kwamba nimechagua siku ambayo sitakuwepo. Nimeliona hilo pia. Ndivyo nilivyo.

Juu ya kazi yako nina neno dogo tu, nalo si la hekima, ni la mtu aliyeungua. Utapewa kadi za wagonjwa na fomu nyingi. Itakuja siku ambayo nafasi moja kwenye fomu itakuuliza jambo litakalokuaibisha. Andika ulichofanya. Andika siku mbili kama zilikuwa siku mbili. Aibu yake itakuuma mwezi mmoja, labda miwili, utanuniwa, utahamishwa kituo. Mimi nilidhani ningekufa kwa aibu hiyo. Kumbe ningekuwa nimenuniwa tu, na mama yako angekuwa anakufungia sanduku sasa hivi.

Na mwanamke asiyejua kusoma akikuambia ameona kitu, mwulize ameona nini. Mwache amalize.

Nasikia sauti ya Odilia kule njiani, bado mko mbali, ana kawaida ya kuaga mara tatu. Nimebakiza mkutano.

Tulikaa juu ya matofali ya ofisi ya kijiji ambayo ilikuwa haijaezekwa. Mambo yaliyojadiliwa ni mimba za wale wanawake wawili na kifo cha mama yako. Mzee mmoja alianza: "Tumeyaacha makaburi ya wazee wetu mlimani. Mlitegemea nini?" Mzee Gwasa akamkatiza upesi, "Mzee, kaa. Usituletee maneno ya siasa hapa." Watu wakanung'unika. Ndipo akasimama Velediana, yule aliyepoteza mimba ya kwanza, bado amedhoofika, amejifunga kanga ya kifuani kwa fundo kubwa.

"Mimi siasa siijui," akasema. "Nauliza swali dogo. Kabla ya mbuzi wale wa Manyovu, nani kwenye mstari wetu alipoteza mimba? Hakuna. Wamekuja wao, wametupa mimba, na sisi tumefuata. Bwana Mifugo yuko hapa. Amefiwa, namwonea uchungu. Lakini atuambie: mbuzi wale walipimwa?"

Alikuwa amefika, mwanangu. Bila kitabu hata kimoja, alikuwa amefika pale pale ilipofika barua iliyokuwa kifuani mwangu. Watu wote waligeuka kunitazama, na Mzee Gwasa akageuka pia, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika. Spesiosa alikuwa amekaa nyuma pamoja na wanawake. Alikuwa amenyoa nywele kwa ajili ya msiba wa mama yako. Alinitazama kwa upole, akinipa ishara ndogo ya kichwa, kama mtu anayenihimiza niseme, maana alijua kwamba ninajua. Hakuna aliyekuwa akimwaza. Ningeweza kulia tu, nilikuwa mfiwa, wangeniachia niende nyumbani.

Nilisimama, nikavua kofia, nikasema, "Kabla hamjaniuliza mimi habari za mbuzi, muulizeni Spesiosa. Mwezi wa saba alikuja ofisini kwangu akaniambia kwamba wanawake wenye mimba wasipite karibu na zizi. Muulizeni alijuaje."

Mpaka dakika ile hakuna mtu aliyekuwa amelitaja jina lake. Nililitaja mimi, baba yako.